Anayekwenda Kutunza Wazee Ulaya, Mzee Wake Anatunzwa na Nani?

Jumamosi moja ya Kwaresima tulipangiwa utume katika kigango kimoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tulikuwa mafrateri wanne. Katekista alitupeleka kwa bibi mmoja mwenye miaka 84, ambaye tangu avunjike nyonga hawezi kutoka kitandani bila msaada. Nyumba yake ni nzuri: bati la msauzi, vigae sebuleni, luninga kubwa ukutani. Tuliambiwa mjukuu wake yuko Ujerumani, anafanya kazi ya kutunza wazee, na ndiye aliyeijenga.

Tulisali rozari, tukaimba, tukapiga picha na bibi. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, simu ya dada wa kazi ikaita. Alikuwa mjukuu, kwa video. Akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri," kisha akatuomba tusubiri nje kidogo. Mlango ulibaki wazi, nasi tukamsikia akitoa maelekezo: weka mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, usimvute, mviringishe polepole, weka mto katikati ya magoti. Sasa sogeza simu nimwone mgongo. Hapo pana wekundu? Dada yule ana miaka 17, ametoka Singida. Alifanya kama alivyoambiwa.

Tuliporudi ndani kuaga, mjukuu alikuwa bado yupo kwenye simu. Tukampongeza kwa kuijua kazi yake. Akajibu kwa sauti ya uchovu: "Usiku wa jana nimegeuza wazee 11. Bibi yangu namgeuza kwa simu."

Tulirudi seminarini bila maneno mengi. Ilikuwa mara yetu ya tatu kufika katika nyumba ile. Mara zote tatu tulisali, tukanywa chai tuliyowekewa, tukaaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani anamgeuza bibi.

Ndiyo sababu tunaandika. Maoni yetu ni haya: kijana anayekwenda ughaibuni kutunza wazee hatendi dhambi wala hajidhalilishi. Lakini mzee anayebaki nyumbani ni wajibu wa watu wengi kuliko yule mmoja aliyepanda ndege, na wajibu huo haumalizwi na fedha inayotumwa kila mwezi. Jumuiya inayomwombea safari njema kijana wake inapaswa pia kumpokea mzee wake.

Kazi isiyostahili kuchekwa

Tuanze kwa kujikosoa wenyewe. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliacha seminari akaenda kusoma Kijerumani ili atafute nafasi ya mafunzo ya uuguzi. Mezani tulisema: "Frateri ameacha altare, anakwenda kubadilisha pampasi za Wazungu." Tulicheka sana. Baba yake alikuwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara kwa mara, na wadogo zake watatu walikuwa shuleni. Kati yetu tuliocheka, hakuna aliyemuuliza nyumbani kwao wanaishije.

Kicheko kile kilikuwa cha kipuuzi, hasa kwetu. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Pamoja nao walihudumu masista wa Tutzing, Wajerumani, ambao waliosha vidonda vya watu wetu, wakiwemo wagonjwa wa ukoma waliokuwa wametengwa na ndugu zao. Babu zetu hawakuwacheka. Waliwaita masista, wakawapelekea watoto wao kubatizwa. Ikiwa kumwosha mgonjwa asiye ndugu yako kulikuwa utakatifu pale mkono mweupe ulipogusa kidonda cheusi, kunageukaje kuwa aibu mikono inapobadilishana? Na Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, alichukua beseni na kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake. Kila Alhamisi Kuu tunaigiza tendo hilo altareni, na mezani tunawacheka wanaolifanya kila siku.

Mjukuu yule anasema katika makao anayofanyia kazi yupo mama mzee anayemwita kwa jina la binti yake. Ameacha kumsahihisha. Amewahi kushika mikono ya watu wakikata roho saa tisa usiku, watoto wao wakiwa mji mwingine, wakitarajiwa asubuhi. Huo nao ni utume, hata kama hakuna padre aliyemtuma.

Mlango unaofunguka na kufungwa

Vijana wengi wanatuuliza kuhusu njia hii, hivyo ni vema tuseme tunachokijua.

Ujerumani, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amefikisha miaka 65 au zaidi, na wahudumu hawatoshi. Njia inayotumiwa na vijana wengi ni mafunzo ya kazi ya miaka mitatu, ambayo wao huyaita Ausbildung. Mwanafunzi anasoma huku akifanya kazi hospitalini au katika makao ya wazee, na analipwa tangu mwanzo, zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kabla ya kodi na bima kukatwa. Kizingiti cha kwanza ni lugha. Mara nyingi hudaiwa cheti cha ngazi ya B1 au B2, na hicho hakipatikani kwa miezi miwili ya kusoma kwenye simu. Wengine, kama mjukuu wa bibi yetu, walianza kwa mwaka wa kujitolea, kisha wakabaki kusoma.

Septemba 2024 jirani zetu wa Kenya walitia saini na Ujerumani, mjini Berlin, mkataba wa uhamiaji na ajira. Punde habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 zinawasubiri Wakenya. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mkataba haukutaja idadi yoyote, na kila mwombaji atapimwa kwa sifa zake. Hata hivyo, namba ile iliendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mpaka huku kwetu. Hapo ndipo matapeli wanapopata riziki.

Uingereza inatufundisha jambo lingine. Februari 2022 iliwafungulia wahudumu wa wazee kutoka nje viza ya kazi. Machi 2024 ikawazuia waombaji wapya wa kazi hiyo kwenda na wenzi na watoto wao. Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya wa wahudumu kutoka nje. Miaka mitatu na nusu tu! Na waliokwishaingia, viza yao ilikuwa imefungamanishwa na mwajiri aliyewadhamini. Mwajiri akinyang'anywa leseni, mfanyakazi hupewa kwa kawaida siku 60 atafute mwingine au aondoke. Wapo waliokuwa wameuza mashamba ili kuwalipa mawakala, wakakuta kazi yenyewe haipo.

Kwa hiyo, ndugu yetu unayetaka kwenda, usiuze kihamba kwa ajili ya mlango ambao mwenye nyumba anaweza kuufunga kesho. Hakikisha wakala ana leseni; ukiwa na shaka, uliza ofisi ya kazi. Soma mkataba katika lugha unayoielewa kabla ya kutia saini. Pasipoti yako usimwachie mwajiri. Na kumbuka kwamba Mkataba wa ILO wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira unaweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada. Anayekudai mamilioni ili akupe kazi ya kutunza wazee, mtilie shaka kwanza.

Utaratibu wa upendo

Darasani tumesoma kwamba upendo una utaratibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba hatuwezi kuwatendea watu wote mema kwa kipimo kilekile, hivyo tunaanza na walio karibu nasi, na wazazi wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Aristotle kabla yake alikwisha kuona kwamba deni la mtoto kwa mzazi halilipiki lote. Kwa haraka mtu angehitimisha: basi mjukuu amekosea, angebaki na bibi yake.

Lakini Tomaso haishii hapo. Anasema pia kwamba mgeni aliye katika shida kubwa kabisa anaweza kutangulizwa mbele ya baba mzazi ambaye hana shida ya namna hiyo. Maana yake, ukaribu peke yake hautoshi kuamua. Lazima tutazame pia uhitaji, na nani mwingine yupo wa kusaidia. Tukitumia kipimo hicho, picha inabadilika. Mzee wa Ujerumani ana bima ya matunzo iliyoanzishwa na nchi yake mwaka 1995. Ana kitanda kinachopandishwa kwa umeme, ana daktari, ana makao, mengi yakiendeshwa na Kanisa kupitia Caritas, mmoja wa waajiri wakubwa kabisa nchini humo. Bibi yetu ana mjukuu, dada wa kazi na simu. Kati ya hao wawili, aliye katika hatari zaidi ya kukosa mkono wa kumgeuza ni bibi.

Je, tumrudishe mjukuu? Akirudi leo, dawa za bibi zitanunuliwa na nani? Ada za wadogo zake je? Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alitambua haki ya mtu kuondoka nchini kwake kutafuta maisha bora, huku akikiri kwamba kuondoka huko ni hasara kwa nchi inayoachwa. Yote mawili ni kweli, na hatuna ruhusa ya kuchagua moja tu.

Tunadhani jibu liko katika neno "karibu" lenyewe. Kuna ukaribu wa damu na kuna ukaribu wa mahali. Mjukuu ni karibu kwa damu, lakini yuko mbali kwa maelfu ya kilomita. Mwenyekiti wa jumuiya anakaa hatua 200 kutoka kitanda cha bibi. Sisi mafrateri tunafika kwa mguu. Aliye karibu kwa damu anapolazimika kwenda mbali, wajibu haufi. Unamwangukia aliye karibu kwa mahali. Msamaria hakuwa ndugu wa yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Alikuwa mpita njia.

Hapa tunakumbuka maneno makali ya Bwana kuhusu Korbani, katika Marko sura ya 7. Walikuwapo watu waliotangaza kwamba mali iliyopasa kuwasaidia wazazi wao imekwisha kuwa sadaka kwa Mungu, na kwa tangazo hilo wakajiona huru. Tunaogopa kwamba Korbani ya siku hizi ina sura mbili. Aliye mbali anaweza kusema, "Nimetuma euro," akajiona amemaliza. Aliye karibu anaweza kusema, "Nimemwombea," akajiona amemaliza. Fedha inanunua godoro, lakini haimgeuzi mtu juu ya godoro. Na rozari zetu tatu hazikuuondoa wekundu ule mgongoni kwa bibi.

Mnyororo una mwisho

Kuna mtu ambaye karibu tumsahau hata sisi: dada wa Singida. Yeye naye alilelewa na bibi yake baada ya mama kufariki. Kutokana na mshahara wake anamtumia bibi huyo kidogo kila mwezi. Tulipomuuliza bibi wa Singida anaishi na nani, alisema, "Yupo tu na jirani."

Tuutazame basi mnyororo wenyewe. Familia ya Ujerumani imepata mhudumu kutoka Kilimanjaro. Familia ya Kilimanjaro imepata mhudumu kutoka Singida. Familia ya Singida haikupata mtu. Kila hatua mshahara unapungua na mhudumu anakuwa na umri mdogo zaidi na mafunzo haba zaidi, mpaka tunamfikia bibi wa mwisho ambaye hakuna anayempigia hata simu ya video. Mkatoliki mwenye dhamiri hawezi kushughulikia pete moja tu ya mnyororo huu, ile inayong'aa kwa euro. Familia iliyomwajiri dada wa kazi imlipe kwa haki, impe siku ya kupumzika, imruhusu kwenda Misa na kuzungumza na kwao. Kama tunadai Wajerumani wamheshimu binti yetu, tuanze kwa kumheshimu binti wa wenzetu aliyeko jikoni kwetu.

Wapo watakaosema kwamba hata wazee wenye watoto hapahapa nyumbani wametelekezwa. Ni kweli. Tumewaona wazee wanaolala njaa huku mtoto wao akiendesha baa barabarani. Hilo linathibitisha tu kwamba tatizo halikuletwa na ndege. Wengine watasema jumuiya zimeelemewa: michango ya kigango, ya parokia, ya harusi, ya misiba. Hilo pia tunalijua. Ila hapa hatuombi mchango mwingine. Tunaomba zamu.

Tufanye nini

Kwanza, familia ikae kabla ya tiketi kukatwa. Mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, au Paroko akiweza, wakubaliane na waandike: nani atalala katika nyumba ya mzee, nani atamwogesha, nani atampeleka hospitali, fedha itapitia kwa nani, dada wa kazi atalipwa kiasi gani. Shangazi na wajomba wasiseme "yupo mtoto wa Ulaya." Mtoto wa Ulaya ana zamu ya usiku na mikono miwili tu.

Pili, kila jumuiya iwe na orodha ya wazee ambao watoto au wajukuu wao wako mbali, iwe Ulaya, Uarabuni au Dar es Salaam. WAWATA, VIWAWA na UWAKA wagawane siku. Saa moja kwa wiki ya kumgeuza, kumtoa nje apate jua, kumlisha mtori ukiwa wa moto, inatosha kubadili maisha ya mzee. Tunasoma katika Kitabu cha Ruthu habari za mwanamke mgeni, Mmoabu, aliyeambatana na mkwewe mzee hadi Bethlehemu. Mara nyingi tunamsifu Ruthu peke yake. Lakini Ruthu aliweza kumlisha Naomi kwa sababu sheria ya Israeli iliwataka wenye mashamba wawaachie masazo maskini na wageni, na kwa sababu wanawake wa kijiji walikuwa karibu, wakampokea Naomi na kufurahi naye mtoto alipozaliwa. Uaminifu wa mmoja ulibebwa na kijiji kizima.

Tatu, tuwatumie hao hao wanaokwenda. Wanaporudi likizo tunawaomba fedha za rangi ya kanisa. Tuwaombe pia watufundishe. Tangu mwaka 2021 Kanisa linaadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai. Badala ya hotuba na soda peke yake, siku hiyo mjukuu aliyerudi angeonyesha ukumbini jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kuzuia vidonda vya kulalia, na kumlisha mzee asipaliwe. Elimu hiyo ni zawadi inayobaki kijijini hata yeye akisharudi Ulaya.

Nne, sisi mafrateri. Tunajiandaa kuwa mapadre watakaowapaka wazee mafuta matakatifu. Haifai tujue kupaka mafuta na tusijue kuinua kichwa cha mgonjwa anywe maji. Tulimweleza mlezi wetu jambo hili, naye akamwomba sista muuguzi wa zahanati atufundishe. Ametufundisha Jumamosi mbili.

Tulimwandikia mjukuu kumwomba ruhusa ya kusimulia habari hizi. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, tusitaje jina. La pili, aliliandika hivi: "Msiseme kwamba nimemtelekeza bibi. Semeni kwamba naogopa simu ya asubuhi." Anaogopa kuambiwa bibi amefariki yeye akiwa ameshika mkono wa mwingine. Hatukuwa na jibu la kitabuni. Tulimwahidi kwamba, kwa kadiri inavyowezekana, mkono wa bibi hautakosa wa kuushika.

Jumamosi iliyopita tulirudi kwa bibi. Akina mama wawili wa WAWATA walikuwa wameshamwogesha. Sasa wanakuja Jumanne na Jumamosi. Dada wa Singida alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Ilipofika saa ya kumgeuza, tuliweka mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, tukamviringisha polepole, tukaweka mto katikati ya magoti. Mgongo ulikuwa safi. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Frateri, mikono yako ya baridi."

Tulicheka wote, naye akacheka. Kabla ya rozari tukaenda jikoni, tukapasha mikono motoni.